Kutoka na mtoto ambaye ugonjwa wake haujajulikana: kisa cha familia moja mashariki mwa London

Shule za England hufungwa kwa wiki 6 hivi, tangu mwishoni mwa Julai hadi mwanzoni mwa Septemba. Ni wakati wa bustani, bahari na nyama choma. Kwa familia ninayoieleza hapa ulikuwa wakati wa nyumba kugawanyika. Baba aliwachukua wavulana wawili akaenda nao watakako, mama akabaki ndani na binti. Mambo yalikwenda hivyo majira ya joto matatu mfululizo bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua kuwa iwe hivyo.

Wazazi wote wawili ni watu wa Tanga. Baba anafanya kazi ghalani, zamu za usiku. Mama anahudumia wazee majumbani mwao kwa saa chache kila wiki. Mtoto wa kwanza ni mvulana wa miaka 11, wa mwisho ni mvulana wa miaka 4, na katikati yupo binti wa miaka 7. Kazi yangu ni kusaidia familia zenye watoto wenye ulemavu, na niliifuata familia hii kuanzia Juni hadi shule zilipofunguliwa. Wamekubali kisa chao kiandikwe. Mambo machache nimeyabadilisha ili wasitambulike.

Misuli ya binti ni milegevu tangu azaliwe. Alichelewa kukaa, akachelewa zaidi kusimama, na mpaka leo akitembea umbali wa kutoka mlangoni hadi kwenye gari magoti yanamlegea. Hasemi, lakini anaelewa mengi kuliko wageni wanavyodhani, na atakacho hukionyesha kwa mkono na kwa macho. Anavaa pampasi. Kutafuna kunamsumbua, hivyo chakula chake hupondwa. Amewahi kupata degedege mara kadhaa, na wazazi wameona kwamba homa na joto kali huliamsha. Kelele ya ghafla humfanya ajipige kichwani. Maji humtuliza kuliko kitu kingine chochote.

Ana ugonjwa gani? Hakuna ajuaye. Picha ya ubongo haikuonyesha jambo la kueleza hali yake. Kipimo cha kromosomu kilitoka safi. Ikachukuliwa damu yake pamoja na ya baba na ya mama ili jenomu yote, yaani maelezo yote ya urithi yaliyomo mwilini, isomwe, wakangoja kwa muda mrefu, kisha ikaja barua: hakuna badiliko la jeni lililoonekana linaloeleza dalili zake, na taarifa zake zinaweza kuangaliwa tena siku za usoni. Mama aliipokea barua ile kama mtu aliyekataliwa ombi lake.

Hapa inafaa nisimame kidogo, kwa sababu wazazi wengi Waswahili wanaopata barua ya namna hii hudhani mtoto wao ni wa peke yake duniani, au kwamba hospitali imechoka kutafuta. Sivyo. SWAN UK, mtandao wa familia za watoto ambao ugonjwa wao haujatambuliwa, ulio chini ya shirika la Genetic Alliance UK, hukadiria kwamba kila mwaka huzaliwa Uingereza watoto wapatao 6,000 wenye hali za kijenetiki ambazo huenda zisipate jina. Utafiti mkubwa wa Deciphering Developmental Disorders, unaotafuta vyanzo vya matatizo ya ukuaji, uliowachunguza watoto zaidi ya 13,000 wa Uingereza na Ireland, ulichapisha matokeo yake mwaka 2023. Waliopata jibu walikuwa kama asilimia 41. Zaidi ya nusu, baada ya wataalamu wote wale na mashine zote zile, walirudi nyumbani bila jina.

Matokeo hayo yana mambo mawili niliyowasomea wazazi hawa mezani kwao. La kwanza, watoto wenye asili ya Afrika walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kupata jibu. Sababu moja inayojulikana ni kwamba hazina za data za jenetiki zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, kwa hiyo badiliko likionekana kwa mtoto wa Kiafrika ni vigumu kujua kama ni la kawaida kwa watu wake au ndilo lenye madhara. La pili, kati ya waliopata jibu, takriban robo tatu walikuwa na badiliko jipya, lisilokuwamo kwa baba wala kwa mama. Hilo la pili lilimfanya baba aweke kikombe chini. Miaka yote, ndugu wa upande mmoja walikuwa wakiuliza kwa chinichini jambo hili limeingia kwa ukoo wa nani. Kwa binti huyu hakuna awezaye kusema limetoka wapi, kwa kuwa hakuna kilichoonekana. Lakini ile imani kwamba lazima kuna upande uliolileta haina msingi, na mama alihitaji mumewe alisikie hilo yeye akiwapo.

Sasa nifike kwenye kiini cha kisa. Mama alikuwa na mambo mengi aliyoyaahirisha hadi "tukishajua ana nini": kuomba posho, kuomba kibali cha kuegesha gari, kwenda baharini, kumpeleka Tanga akamwone bibi yake. Aliamini kwamba jina la ugonjwa ndiyo ruhusa, na kwamba asiye nalo hana haki ya kuomba. Si kwamba aliibuni imani hiyo. Aliulizwa swali lile lile kila mlango aliogonga, mpaka akajifunza kwamba jibu lake halitoshi. Kwa maoni yangu hili ndilo lililowafungia ndani, kabla ya misuli, kabla ya degedege, kabla ya kelele. Ulemavu wa binti ulikuwa unajulikana vizuri mno. Mama angeweza kuueleza saa kwa saa, asubuhi hadi usiku. Kisichojulikana kilikuwa chanzo, na chanzo hakimzuii mtoto kwenda ufukweni.

Sheria nayo iko hivyo hivyo. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 humtazama mtu kwa jinsi hali yake inavyomwathiri: kama athari ni kubwa na imedumu au inatarajiwa kudumu miezi 12 au zaidi, huo ni ulemavu, uwe na jina au usiwe nalo. Wenye mabustani, makumbusho na viwanja vya michezo wanapaswa kufanya marekebisho yanayowezekana, na hawaruhusiwi kuyatoza pesa. Posho ya Disability Living Allowance, ambayo watu huiita DLA, ni ya watoto walio chini ya miaka 16, na inapimwa kwa uangalizi na msaada wa ziada anaouhitaji mtoto kuliko wenzake wa umri wake. Tuliijaza fomu yake jioni kadhaa. Ni ndefu na inachosha moyo, kwa sababu mzazi analazimika kuandika yote ambayo mtoto hawezi. Nilimwambia mama aandike siku ya kawaida ilivyo, si ile siku moja nzuri anayopenda kuikumbuka. Tukaambatanisha barua za mtaalamu wa viungo, mtaalamu wa lugha na mwalimu. Hakuna hata moja kati ya hizo iliyotaja ugonjwa. Posho ilikubaliwa, sehemu ya uangalizi na sehemu ya usafiri kwa kiwango cha juu, na kwa kiwango hicho kibali cha kuegesha, Blue Badge, hupatikana bila kujieleza upya.

Neno moja kwa wasomaji walio Uingereza kwa viza yenye sharti la kutotumia fedha za umma: DLA ni miongoni mwa fedha hizo, kwa hiyo ongeeni na mshauri wa uhamiaji kabla ya kujaza chochote. Familia hii ina ukaazi wa kudumu, ndiyo maana njia ilikuwa nyeupe. Mpango wa elimu wa mtoto na haki ya kuombea mtoto tathmini kwa halmashauri ni mambo mengine, na hayo yasiachwe kwa hofu ya viza.

Nirudi kwenye matembezi. Mwaka uliotangulia walijaribu kwenda wote pamoja kwenye sehemu moja ya michezo yenye kiingilio, na ile safari ndiyo iliyowavunja moyo. Nimeichambua nao kipande kwa kipande, kwa kuwa ndani yake yamo karibu yote yanayozikwamisha familia za namna hii.

Walikwenda kwa basi. Kigari cha binti ni cha maalumu, kinamshika mgongo na shingo, lakini kwa macho ya mtu wa nje ni kigari cha mtoto kama vingine. Wakaambiwa wakikunje. Mtoto mkubwa hivyo mwenye misuli milegevu hawezi kupakatwa ndani ya basi linaloyumba, na mama alishuka mara ya kwanza, akapanda la pili. Getini waliomba kupita njia fupi badala ya foleni ya juani. Mhudumu akawataka barua ya daktari yenye jina la ugonjwa. Hawakuwa nayo, wakasimama kwenye jua. Ndani, choo cha walemavu kilikuwa na meza ya kubadilishia vichanga, ile ya kukunjua ukutani. Binti angeivunja. Mama alimbadilisha sakafuni, juu ya koti lake. Mchana muziki ulifunguliwa ghafla karibu na walipokaa, binti akaanza kujipiga, na watu wakageuka. Mama akaamua kurudi. Wavulana hawakuwa wamepanda hata mchezo mmoja mkubwa. Njiani mkubwa akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Dada akija huwa tunarudi mapema." Baba alimkemea. Tangu siku hiyo wakarudia desturi yao: baba na wavulana, mama na binti.

Nilimwomba baba aniambie ni lipi kati ya hayo ambalo jina la ugonjwa lingelitatua. Alifikiri kisha akasema, labda lile la getini. Na hata la getini, ni mhudumu aliyeuliza swali lisilofaa. Angeuliza "anahitaji nini?" angepata jibu kamili kwa nusu dakika.

Kazi yetu ya kwanza, basi, ikawa kuliandaa jibu hilo. Mama aliandika ukurasa mmoja kuhusu binti, kwa Kiingereza chepesi, akauweka kwenye simu na kuchapa nakala kadhaa. Unaanza kwa anachokipenda, maji, bembea na sauti ya kaka yake mkubwa, maana mtu akianza kumjua mtoto kwa furaha yake humtazama kwa jicho jingine. Unaendelea: siwezi kusimama foleni, nikikaa juani naweza kupata degedege, kelele za ghafla zinanitisha, nahitaji pembe tulivu, kigari hiki ndicho kiti changu cha magurudumu, hakikunjwi nikiwa ndani, chakula changu hupondwa, tafadhali turuhusuni kuingia nacho. Sehemu ya degedege ina mistari yake: nilaze ubavu, usinitie kijiko wala kidole mdomoni, tazama saa, zikipita dakika 5 nipewe dawa yangu ya dharura na upige 999 kuita gari la wagonjwa. Chini kabisa pana sentensi ambayo mama aliibadilisha mara nyingi kabla ya kuridhika nayo: madaktari bado wanatafuta chanzo cha hali yangu, na mahitaji yangu ni haya hata kabla hawajakipata. Mtaalamu wa watoto wa kliniki yao aliusoma, akakubali kuandika barua fupi ya kuthibitisha.

Kwa upande wa basi, mtaalamu wa viungo aliandika kwamba kigari kile kinatumika kama kiti cha magurudumu, na nyuma yake wakafunga kibao kinachosema hivyo. Nafasi ya kiti cha magurudumu ndani ya basi si jambo la hisani. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza, katika kesi ya Doug Paulley, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, dhidi ya kampuni ya mabasi ya FirstGroup, iliamua kwamba dereva hapaswi kuomba mara moja tu na kuachia hapo pale mwenye kigari cha kichanga anapokataa kupisha. Lazima achukue hatua zaidi. Mama hakutaka kugombana na mtu. Nilimwambia hana haja ya kugombana, kibao na barua vitazungumza, na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyokuwa. Dereva mmoja bado alileta ubishi. Baba alikuwepo, akamwonyesha barua, wakasafiri.

Ule utepe wa kijani wenye picha za alizeti, unaovaliwa shingoni kuashiria ulemavu usioonekana kwa macho, ulioanzishwa uwanja wa ndege wa Gatwick mwaka 2016 na sasa unatambulika katika maduka na vituo vingi, ulizua mjadala nyumbani. Mama hakupenda. "Nimvalishe mwanangu alama kama mzigo?" Baba aliuona una faida. Mimi sikuwa upande wowote, kwa kuwa utepe ni wa hiari na kuna watu wazima wenye ulemavu wanaoukataa kwa sababu hiyo hiyo ya mama. Walikubaliana kwamba auvae mama mwenyewe, katika sehemu zenye msongamano tu.

Kilichobadilisha matembezi yao zaidi ya vyote ni choo. Natamani kila mzazi asome hapa. Kuna vyoo vinaitwa Changing Places. Vina kitanda cha kubadilishia kinachombeba mtu mzima, kinachopanda na kushuka, winchi ya kumnyanyua mtu kutoka kwenye kiti, na nafasi ya kutosha watu watatu kufanya kazi bila kugongana. Kampeni yake ilianza mwaka 2006, na tangu mwaka 2021 majengo mapya makubwa ya umma nchini England yanatakiwa kuwa navyo. Ramani yake iko kwenye intaneti. Vingi hufunguliwa kwa ufunguo wa RADAR, ufunguo mmoja wa vyoo vya walemavu nchini kote, ambao hununuliwa kwa bei ndogo. Mama hakuwahi kusikia habari zake. Miaka 7 ya kumbadilisha mtoto kwenye sakafu za vyoo na viti vya nyuma vya gari, na hakuna mhudumu wa afya aliyemtajia. Siku aliyoiona ile ramani alikaa kimya akiivuta huku na huku kwa kidole, kisha akaanza kupanga safari kinyumenyume: kwanza choo, ndipo mahali pa kutembea.

Walianza karibu na nyumbani. Bustani ya mtaa yenye chemchemi za kuchezea watoto, asubuhi mapema kabla ya watu kujaa, saa moja na kurudi. Wavulana waliona ni kidogo, na walikuwa na haki kuona hivyo. Lakini safari hizo fupi zilimfundisha mama kitu ambacho miaka ya kukaa ndani ilikuwa imemnyang'anya: kujua kwa hakika binti anavumilia nini. Kumbe kelele za watoto wenzake hazimsumbui. Kinachomsumbua ni spika na honi. Kumbe akiwa miguu majini hata kwa dakika chache, hula vizuri baadaye. Alianza kubeba bokoboko kwenye thamosi, kwa kuwa ni chakula cha nyumba nzima na bado ni laini kwa binti. Mambo ya kupondea ndizi pembeni, huku wengine wakila kuku, yakaisha. Nilikula bokoboko hilo. Wote tulikula sahani za aina moja.

Kisha ikaja Southend, mji wa ufukweni mashariki ya London. Hapo baba alichukua usukani, naye ni mtoto wa mvuvi. Southend iko kwenye mlango wa mto Thames, na maji yakipwa huacha tope tupu kwa umbali wa zaidi ya kilomita moja. Ndiyo maana gati lake lina urefu wa kilomita 2 na zaidi, refu kuliko magati yote ya starehe duniani. Familia nyingi hufika pale saa mbaya, hukuta tope, hurudi zikilalamika. Baba alitazama jedwali la maji kama babu yake alivyoutazama mwezi, akachagua siku ya bamvua ambayo maji yangejaa mchana, yakafika karibu na njia ya kupita vigari. Kwa kigari kisichoweza kuvuka mchanga, tofauti hiyo ndiyo tofauti ya kuogelea na kutazama. Baadhi ya fukwe za Uingereza huazimisha viti vyenye magurudumu mapana ya mchangani, na inafaa kupiga simu kuuliza. Wao hawakuhitaji. Bahari iliwafuata walipo.

Mpango wa siku ile ulikuwa na kipengele kimoja ninachokiona kuwa ndio ufundi wa kisa hiki. Mjomba wa watoto aliombwa aje na gari lake. Walikubaliana tangu nyumbani kwamba binti akichoka, mzazi mmoja ataondoka naye na wengine watabaki, na kuondoka huko hakutahesabiwa kuwa siku imeharibika. Kaka mkubwa alielezwa waziwazi. Binti alikaa majini na baba yake, akapiga maji kwa viganja, akacheka. Akala. Saa nane hivi jua likawa kali, mashavu yakabadilika rangi, na mama akaondoka naye bila mabishano. Wavulana na baba walibaki na mjomba, wakapanda treni ndogo ya gatini, wakarudi jioni. Yule kijana wa miaka 11 aliniambia baadaye kwamba siku hiyo hakuwa na kazi ya kumwangalia dada yake usoni kila wakati kuona kama siku inaisha. Sikujua kama alikuwa akiifanya kazi hiyo. Wazazi nao hawakujua. Watoto wanaoishi na ndugu mwenye ulemavu huzibeba zamu ambazo hakuna aliyewapangia, na ni wajibu wetu watu wazima kuziona na kuzitua. Siku moja kati ya likizo ilitengwa iwe ya wavulana na mama yao peke yao, binti akabaki na baba. Mama hakuwa ametoka hivyo na wanawe wa kiume kwa muda mrefu sana.

Si yote yaliyokwenda sawa. Siku ya jumuiya ya Waswahili kwenye bustani kubwa, mishkaki, taarabu na mamia ya watu, ilikuwa ngumu, na haikuwa kwa sababu ya kelele tu. Walikaa mbali na spika, binti akavaa vikinga masikio, hilo likatulia. Kilichochosha ni swali. "Ana nini huyu?" Liliulizwa na wenye huruma, na wenye udadisi, na wenye ushauri. Mmoja alishauri asomewe. Mwingine alijua mganga Pongwe. Wazazi hawa ni Waislamu, na dua wanamsomea binti yao wenyewe kila usiku. Hawakuhitaji kukumbushwa kama watu waliosahau. Jibu walikuwa wameliandaa pamoja, baba na mama maneno yale yale: "Madaktari bado wanatafuta. Yeye anapenda maji na kuimbiwa, mkaribie umsalimie." Kwa wengine jibu hilo lilifungua mlango; bibi mmoja wa Pangani alichuchumaa mbele ya kigari akaimba, na binti akamshika kidole. Kwa wengine halikusaidia kitu, na shangazi mmoja aliendelea mpaka mama akasimama akaenda kukaa garini. Baba ndiye aliyebaki kusema, kwa heshima lakini bila kuyumba, "Shangazi, tunashukuru. Habari hiyo tumeifunga." Mama aliniambia kuwa neno hilo kutoka kwa mumewe lilimfaa kuliko posho.

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, maana si penye uzito wa kisa hiki ingawa pana umuhimu. Mwandamani wa mtu mwenye ulemavu huingia bure kwenye maeneo ya National Trust, shirika linalohifadhi bustani na majumba ya kale. Halmashauri nyingi hutoa Max Card yenye punguzo kwa familia zenye watoto wenye mahitaji ya ziada. Na halmashauri zote za England zina wajibu, chini ya kanuni za mwaka 2011, wa kuwa na huduma za mapumziko mafupi kwa walezi na kuchapisha maelezo ya jinsi ya kuzipata. Familia hii iliomba. Baada ya tathmini, binti alipewa nafasi katika klabu ya Jumamosi kwa saa chache, kuanzia muhula wa vuli. Kwa likizo ile ile tuliyokuwa nayo haikuwahi. Anayesoma haya mwezi wa Januari aombe sasa hivi.

Jina bado halijapatikana. Kliniki ya jenetiki imekubali kuwa taarifa zake ziangaliwe tena baada ya miaka michache, kwa sababu magonjwa mapya hugunduliwa kila mwaka. Wazazi wanalitaka jina, nami nawaunga mkono kwa dhati. Jina linaweza kueleza kama ndugu wengine wana hatari, linaweza kuonya kuhusu moyo au figo mapema, linaweza kuwakutanisha na familia nyingine yenye mtoto kama wao. Kuishi wakati wa kungoja hakumaanishi kuacha kutafuta.

Sasa wanazungumza juu ya Tanga. Mama awali alitaka Desemba, kwa sababu ndipo ndugu wote hukusanyika, lakini Desemba pwani ni joto na jasho, na joto ni adui wa binti. Bibi mwenyewe kwa simu ndiye aliyesema waje wakati wa kipupwe. Na kweli, likizo ndefu ya Uingereza huangukia Julai na Agosti, pepo za kusi zikivuma na Tanga ikiwa na ubaridi wake. Wameanza na maswali ya lazima: barua ya daktari kwa ajili ya dawa ya dharura ya kubebwa mkononi ndani ya ndege, kigari kukabidhiwa mlangoni mwa ndege badala ya kwenye mizigo, hospitali gani Tanga inaweza kumpokea mtoto mwenye degedege usiku, na nani kati ya ndugu ana gari la kuaminika saa hiyo.

Mama ameanza kuuandika upya ule ukurasa mmoja, safari hii kwa Kiswahili, uwatangulie kwa ndugu. Sehemu ya degedege ameiweka juu kabisa, kwa kuwa anajua mtu wa kwanza kufika atakuja na kijiko. Namba ya 999 ameifuta, na mahali pake ameacha nafasi ya simu ya mwenye gari.